Trakboli kwenye mashine za geimu za zamani: soma hapa kabla hujachomeka

Maswali ni yale yale kila siku. Mtu kapata trakboli ya Atari kwenye nyumba ya Mtaliano anayehama hapa Malindi, kaangalia plagi yake ina matundu tisa, kaangalia Sega ya kaka yake nayo ina pini tisa, kachomeka, kazungusha mpira weee, hakuna kitu. Anakuja mbio, "bwana, imekufa hii?" Mara nyingi haijafa. Imechomekwa mashine siyo, au swichi yake ya modi (ya kuchagua iigize joistiki au iwe trakboli kweli) iko upande siyo, au geimu yenyewe haijui kusoma trakboli. Pini, modi, geimu. Ukiniuliza swali lolote la trakboli nitakurudisha kwenye hayo matatu, kwa hiyo bora niyaandike mara moja nipumzike.

Kwa ambaye hajaiona: ni boksi lenye mpira juu yake, unauviringisha kwa kiganja badala ya kushika mkono wa joistiki. Ndani mpira unasugua rola mbili, moja ya kulia na kushoto, moja ya juu na chini. Kila rola ina kisahani chenye mianya, upande huu kuna kitaa kidogo, upande ule kuna jicho, kisahani kikizunguka mwanga unakatwakatwa na mashine inahesabu. Nadharia imeisha hapo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mashine yenyewe na adapta yake, na ujue adapta ni ya volti ngapi upande wa ukutani
- Joistiki au pedi ya kawaida ambayo una uhakika ni nzima, hii usiiache, utaona kwanini
- Geimu moja ya joistiki, na ikiwezekana geimu moja iliyotengenezwa kwa trakboli
- Bisibisi ya nyota, pamba za masikio, brashi laini, kitambaa kisichotoa nyuzi
- Spiriti ya isopropili. Duka la dawa ukisema tu "spiriti" unaweza kupewa ile ya kupaka ngozi, na nyingine zimetiwa mafuta, zinaacha utelezi kwenye rola. Soma chupa.
- Mita ya fundi, hata ile ya bei rahisi kabisa
- Simu yenye kamera

Tivii ya kichogo ni bora lakini si lazima. Jua tu kwamba mashine iliyotoka Uingereza ikiingia kwa waya wa antena unaweza kupata picha nzuri na sauti hakuna, manake sauti yao inakaa megahezi 6 juu ya picha na tivii nyingi za kwetu zinaitafuta kwenye 5.5. Hiyo si kosa la trakboli wala la mashine. Za kutoka Italia kwa kawaida hazina shida hiyo.

HATUA KWA HATUA

1. Jua una trakboli gani na ilitengenezewa mashine gani

Geuza boksi, soma namba chini. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo kwa hiyo usiharakishe.

Atari CX22. Hii ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Plagi ya matundu tisa, inaingia Atari 2600, inaingia 7800, inaingia kompyuta za Atari za biti 8, na kwa modi ya joistiki inakubali hata kompyuta ya Commodore 64. Ina vitufe viwili vya kupigia lakini usidanganyike, vyote ni kitufe kimoja, wamekiweka kulia na kushoto ili na wenye kutumia shoto wafaidike.

Atari CX80. Ni ndugu yake wa baadaye na plagi ni ile ile, ila ikiwa kwenye modi ya trakboli inaongea lugha ya mausi ya kompyuta ya Atari ST, si lugha ya CX22. Kwa joistiki hutaona tofauti. Kwa geimu za trakboli utaiona vizuri sana, tutafika huko.

Atari CX53. Hii ni ya Atari 5200 peke yake, ile mashine ya 1982. Jitu kubwa zito, lina na vitufe vya namba, plagi ina matundu kumi na tano. Usitafute njia ya kuitia kwenye 2600, na usitafute njia ya kutia CX22 kwenye 5200. Ile 5200 inasoma volti inayopanda na kushuka, 2600 inasoma swichi za kufunga na kufungua, hata ukibadilisha plagi bado haziongei. Alafu 5200 haikuuzwa rasmi Ulaya, kwa hiyo ukiiona huku ujue imetoka Marekani na adapta yake inataka volti 120. Shika hilo mpaka hatua ya 2.

Coleco Roller Controller. Ya mashine ya ColecoVision, ilitoka 1983 pamoja na geimu ya Slither. Hii ina mambo yake: inachukua matundu yote mawili ya kontrola kwa pamoja, na umeme wake unapitia kwenye waya wa adapta, yani adapta inaingia kwenye trakboli na trakboli inaingia kwenye mashine. Mtu akikuuzia bila huo waya wa umeme amekuuzia mpira na boksi tu. Kontrola za kawaida za Coleco zinakaa kwenye nafasi zao pembeni mwa hiyo trakboli ili uendelee kutumia vitufe vya namba.

Sega Sports Pad. Ya Master System, 1987. Ina swichi ya modi mbili, moja ya spoti na nyingine ya kuigiza pedi ya kawaida. Geimu ya Great Ice Hockey imetengenezwa kwa ajili ya hii, ukiwa na pedi ya kawaida huchezi.

Nintendo hawakutoa trakboli yao rasmi kwa NES wala Super Nintendo. Super Nintendo ilipata mausi mwaka 1992, ilikuja na Mario Paint, na geimu zinazosoma mausi ni suala lingine. Kwa hiyo yule anayeniuliza kila mara kuhusu NES, jibu halijabadilika.

2. Maliza habari ya umeme kwanza

Kwetu ni 240. Adapta ya Ulaya ya 220 itakubali, itapata joto kidogo tu. Adapta ya Marekani ya 110 au 120 ukiichomeka ukutani moja kwa moja utasikia harufu kabla hujaona picha. Tafuta transfoma ya kushusha, au tafuta adapta mpya ya volti sawa na ile ya zamani upande wa mashine.

Ukitafuta mpya uangalie na ncha. Atari 2600 inataka volti 9 DC, miliampia 500, plagi ndogo ya milimita 3.5 inayofanana na ya hedfoni, ncha ni chanya. Master System nayo ni volti 9 lakini katikati ni hasi. Volti sawa, plagi tofauti, ncha kinyume. Fundi wa simu atakwambia "9 ni 9 tu", mshukuru na uende zako.

Hiyo plagi ya Atari ya milimita 3.5 ikiingia huku ina umeme inaweza kugusanisha njia zake kwa sekunde, kwa hiyo chomeka kwenye mashine kwanza, ukutani baadaye. Na kwa wale wa Lamu na mitaa ambayo umeme unacheza cheza, weka stabilaiza, mashine hizi zina miaka zaidi ya thelathini na spea zake hazipatikani kwenye maduka ya Langoni.

3. Linganisha pini, usilinganishe umbo

Hapa ndipo watu wanapopotea. Plagi ya tisa imetumiwa na kila mtu: Atari, Commodore, Coleco, Sega, Amiga, hadi mausi za kompyuta za zamani. Kuingia zinaingia vizuri kabisa. Ndani kila mmoja kapanga waya zake.

Angalia tundu la mashine uso kwa uso, upande mrefu ukiwa juu. Pini ya 1 ni ya juu kushoto, unahesabu kwenda kulia mpaka 5, alafu mstari wa chini 6 mpaka 9.

Kwa Atari: 1 juu, 2 chini, 3 kushoto, 4 kulia, 6 kupiga, 7 ni volti 5, 8 ni hasi.
Kwa Sega Master System: 1 mpaka 4 ni zile zile, 6 kitufe cha kwanza, 9 kitufe cha pili, 8 hasi, lakini volti 5 iko kwenye pini ya 5.

Umeona? Trakboli si joistiki ya swichi tupu, ina vitaa ndani na lazima ipate umeme. CX22 inausubiri kwenye pini ya 7. Sega inautoa kwenye 5. Ndiyo ile habari ya yule jamaa wa mwanzo, mpira unazunguka na ndani giza. Joistiki ya kawaida ya Atari ukiitia kwenye Master System inaweza kucheza manake haihitaji umeme, basi watu wanadhani na trakboli itakuwa hivyo. Haiwi. Na kinyume chake pia, Sports Pad usiichomeke kwenye Atari, pini ya 5 ya Atari ni ya mambo ya padoli, ile kontrola ya kinobu cha kuzungusha.

Ukiwa na mita, washa mashine bila kuchomeka kontrola, pima kati ya 7 na 8 kwa Atari au 5 na 8 kwa Sega, unataka kuona karibu na 5. ANGALIZO: pini 7 na 8 ziko jirani kabisa, ncha ya mita ikiteleza ikazigusa zote mbili umepiga shoti. Mkono ukitetemeka mwachie fundi, hakuna aibu.

Onyo la pili. Mausi ya kompyuta ya zamani yenye plagi ya tisa (ile ya siriali) inaingia kwenye Atari vizuri kabisa na haifanyi chochote cha maana. Na usithubutu kuchomeka trakboli ya Atari kwenye tundu la siriali la kompyuta, waya za siriali zinaweza kubeba volti 12 chanya na hasi, trakboli yako inataka 5.

4. Safisha kabla ya kujaribu

Pwani hii, chumvi inaingia kila mahali, hata kwenye boksi lililofungwa. Sijaona trakboli iliyokaa Malindi au Lamu ikawa safi ndani, hata muuzaji aape vipi.

Toa skurubu za chini, shika mpira usije ukadondoka, fungua taratibu. Mpira osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kausha kabisa. Sasa angalia rola mbili na kile kigurudumu cha tatu kinachosaidia kubeba mpira. Pale katikati ya kila rola, mahali mpira unapogusa, utaona pete nyeusi iliyoganda kama ukoko. Hiyo ndiyo inafanya mpira uruke ruke. Lowesha pamba ya sikio kwa spiriti, iweke juu ya hiyo pete ilainike kidogo, alafu zungusha rola kwa kidole huku pamba imetulia. Ikigoma tumia ukucha au kipande cha plastiki. Kisu hapana, ukikwangua rola mpira utapita hapo unagonga maisha yake yote.

Beringi za rola zikiwa na kutu, futa, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye beringi tu. Si kwenye rola! Rola ikiteleza mpira hauisukumi. Na mafuta ya nazi jamani tuyaachie nywele na samaki, yakikaa yanaganda na kunasa vumbi.

Visahani vyenye mianya vipulize au vipitishe brashi laini, usivikunje, usivipake chochote.

5. Weka swichi kwenye modi ya joistiki

Hata kama lengo lako ni modi ya trakboli, anza na joistiki, manake kila geimu inaijua. Kwa CX22 tafuta swichi kwenye boksi, isogeze polepole mara kadhaa kwenda na kurudi, ikikaa miaka bila kuguswa inashika kutu ndani na kugusa nusu nusu.

6. Chomeka mashine ikiwa imezimwa, washa, jaribu

Kwanza tia ile joistiki nzima, hakikisha geimu inacheza. Zima. Toa joistiki, tia trakboli tundu la kwanza. Washa. Viringisha pande nne, moja moja, kila upande taratibu alafu kwa kasi. Piga vitufe vyote.

Kwenye modi ya joistiki utagundua ukizungusha kwa nguvu au kwa upole kitu kinatembea spidi ile ile. Usilalamike. Trakboli hapa inaigiza joistiki, inaiambia mashine "kulia, kulia" tu, haisemi kulia kwa kiasi gani. Binafsi naona Centipede ya 2600 kwa njia hii bado ni tamu kuliko joistiki, lakini geimu za njia nyembamba za kugeuka kona, mfano Pac-Man, ni mateso, tumia joistiki ya kawaida.

7. Sasa tafuta geimu inayosoma trakboli kweli

Ndipo utamu ulipo, na ndipo wengi wanapokata tamaa, manake kaseti za zamani za 2600 karibu zote zinasoma joistiki tu, hata Missile Command ambayo kwenye mashine za ukumbini mwaka 1980 ilichezwa kwa trakboli. Ukihamisha swichi kwenda modi ya trakboli na kaseti ya zamani, mshale utakimbilia upande mmoja au kutetemeka, na utanitumia ujumbe usiku.

Kuna njia kadhaa. Kwenye kompyuta ya Atari ya biti 8, Missile Command ina siri, bonyeza Control na T pamoja, inahamia trakboli na mshale unafuata mkono wako. Kwenye 5200, Missile Command na Centipede zinaijua CX53 bila kuambiwa kitu. Kwenye ColecoVision cheza Slither au Victory. Kwenye Master System ni Great Ice Hockey.

Kwa 2600 yenyewe, Mjerumani mmoja, Thomas Jentzsch, amezirekebisha geimu kadhaa za zamani zikasoma trakboli kikweli, Missile Command na Centipede zikiwemo. Unazitia kwenye kaseti ya kadi ya SD, mfano Harmony, na unacheza kwenye mashine halisi. Kila geimu ina matoleo tofauti: moja la CX22, moja la CX80 na mausi ya Atari ST, moja la mausi ya Amiga. Toleo likikosana na kifaa, mshale unakwenda kombo. Ukitumia mausi ya ST au Amiga badala ya trakboli pia inakubali, kwa wale ambao trakboli imewashinda bei.

8. Za USB

Trakboli mpya ya USB, iwe Logitech au Kensington, haiingii kwenye mashine hizi kwa kile kiplagi cha bei rahisi cha kubadilisha umbo. Hicho kinaunganisha waya tu, hakitafsiri chochote. Unataka adapta yenye chipu yake ndani, na iseme wazi inatoa ishara ya mashine gani. Kama muuzaji hajui kukwambia, acha.

IKIGOMA

Haifanyi chochote, hata kitufe. Rudi hatua ya 3, pini na umeme. Kama umeme upo kwenye mashine, kata iko kwenye waya, na mara nyingi ni pale waya unapoingia kwenye boksi, pamekunjwa miaka mingi. Pima kila waya kwa mita.

Kitufe kinapiga lakini mpira kimya. Umeme haufiki kwenye vitaa, au mashine siyo. Fungua boksi, iwashe ikiwa imechomekwa, elekeza kamera ya simu kwenye vitaa. Vingi ni vya mwanga usioonekana kwa macho lakini kamera inavionyesha rangi ya zambarau. Jaribu kamera ya mbele kama ya nyuma haioni.

Inakwenda juu na chini, kulia na kushoto haitaki. Rola moja chafu au haizunguki. Izungushe kwa kidole, ikifanya kazi kwa kidole basi tatizo ni mpira hauigusi vizuri, si umeme. Isipofanya, kamera tena, angalia kitaa cha upande huo.

Boksi liko wazi juani na mshale unacheza wenyewe. Yale macho ya ndani yanaona jua la hapa kwetu vizuri kuliko kile kitaa. Funga boksi, au jaribia kivulini.

Kitu kinakimbia chenyewe upande mmoja kabla hujagusa. Swichi iko modi ya trakboli na geimu ni ya joistiki.

Ukienda kulia mshale unakwenda kwa kutetemeka, au juu inakuwa pembeni. Toleo la geimu ni la kifaa kingine, CX22 kwa CX80 mara nyingi.

Inaruka ruka mahali pale pale kila mzunguko. Kuna kidonge cha uchafu kwenye mpira au kwenye rola, osha tena, na safari hii uzungushe rola mzunguko mzima.

Ilikuwa nzima Malindi, imefika Lamu mbovu. Ulisafirisha mpira ukiwa ndani. Njia yote ya basi mpaka Mokowe, alafu boti, ule mpira unagonga rola mpaka zinapinda. Utoe, ufunge kwenye kitambaa peke yake, boksi lake peke yake. Na ukishafika ulipofika, hifadhi kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tupia ndani zile pakti ndogo za kukausha zinazokuja na viatu vipya, ubadilishe kabla ya kusi.